Kofia ya Baba Mkwe Juu ya Dohani

Wasomaji wa ukurasa huu wa Nyumba na Waliomo, mwezi huu mmempata mwenyewe. Dohani zote mnazoziona mkipita Mbinga, kuanzia za nyumba za mapadri mpaka ile ya mwalimu mstaafu kule mlimani, nimezijenga mimi kwa mikono hii, na nyumbani kwangu moshi haujawahi kurudi ndani hata siku moja tangu nioe.

Haya, basi. Za mapadri nilibeba udongo. Ile ya mwalimu niliijenga nusu, tukagombana. Na kuhusu moshi wa nyumbani kwangu, naandika haya nikiwa nje kwenye kigoda kwa sababu ndani hapakaliki, na mke wangu Kunigunda anakohoa huku akiniita kwa jina langu la ubatizo, jambo ambalo hulifanya akikasirika tu. Moshi huo una sababu, na sababu hiyo ina mwenyewe. Nitamfikia mwishoni.

Wageni wa ukurasa huu wajue kwamba jina langu halisi halijulikani. Humu naitwa Mzee Masizi, na anayelijua ni Ottilia peke yake, binti anayenichapia haya kwenye kompyuta ya parokia. Shule niliiacha darasa la nne, tuliachana kwa amani. Makosa ya herufi ni yangu, marekebisho ni ya Ottilia, na mkikuta sentensi imekatika ghafla mjue palikuwa na neno ambalo yeye ameona halifai kusomwa na watawa.

Barua ya mwezi huu ilikuja ndani ya bahasha inayonuka moshi hata Ottilia akaifungulia dirishani. Majina mwandishi ameyabadilisha mwenyewe. Isomeni.

*

Mpendwa Mzee Masizi, shikamoo. Naomba msaada wako nikiwa na macho mekundu, na tafadhali usinifikirie vibaya, siyo pombe ya ulanzi, ni moshi wa nyumba yangu mwenyewe.

Mimi ni mkulima wa kahawa na mahindi, nina miaka thelathini na nane, nimeoa miaka sita sasa, mke wangu nitamwita Edina, kwao ni Lituhi kule ziwani, na tunaishi huku juu kwenye baridi katika nyumba ya matofali aliyoiacha marehemu baba, nyumba yenye mahali pa kuotea moto na dohani ndefu, maana baba alifanya kazi kwa mapadri akaona na yeye asizeeke akitetemeka, na kwa miaka yote dohani hiyo haikuwa na kofia, mvua ikinyesha matone yalidondokea kwenye majivu yakafanya tsss, tukacheka, yakaisha. Mpaka masika ya mwaka jana, baba mkwe alipokuja kututembelea. Nitamwita mzee Cleopa. Mzee Cleopa ni fundi bati, anatengeneza ndoo, karai, koroboi na yale majiko ya kukaushia samaki kwa moshi, na kwa kazi hiyo hana mpinzani kuanzia Lituhi mpaka Chiwanda, sasa yeye alipokaa na mama yangu kuota moto na tone likamdondokea mama kwenye mguu, alisikitika sana, akasema haiwezekani mkwe mwenzake akanyeshewa ndani ya nyumba, akachukua vipimo kwa kamba, akaondoka.

Wiki tatu baadaye akarudi na kofia ya dohani juu ya basi. Mzee Masizi, sijaona kazi ya bati kama ile. Mfuniko mzito uliokunjwa pembe kama kanisa, umekaa juu ya mdomo wa dohani kwa nafasi ya vidole viwili tu, pembeni umezungushiwa wavu wa waya wenye matundu ambayo hata usipa, dagaa wetu wa ziwani, hapiti, na juu kabisa samaki wa bati, mbasa, ana magamba na jicho, anageuka upepo unakotoka. Watu wa kitongoji kizima walikuja kumtazama mbasa, walioko barabarani wakienda Kingerikiti walisimama, na siku hiyo nilijisikia mtu.

Tulipowasha moto, moshi ulipanda, ukafikiri, ukarudi. Mama alivumilia kwa heshima ya mkwe mwenzake, lakini ilipofika Juni na baridi yenyewe, nilimkuta amekaa na taulo bichi usoni, nikaona nitamuua mama yangu kwa ajili ya samaki. Nikaenda kuazima ngazi kwa mzee mmoja jirani yetu, mzee ambaye mdomo wake hauna mlango, jambo ukimwambia asubuhi mchana limefika sokoni, kwa hiyo nikamdanganya kwamba nakwenda kuangua maparachichi na nitamletea debe. Nikapanda, nikaishusha kofia, nikaificha nyuma ya jiko. Na kuku wetu mmoja akaona ni pazuri akaingia chini yake akaanza kuatamia.

Sasa mwezi wa nane, mzee Cleopa akatokea na bodaboda bila kupiga simu, ana mfuko wa usipa mkononi, na kabla ya kushuka akatazama juu. Akauliza, "Samaki wangu yuko wapi?" Mshauri, mkwe hajibiwi ovyo, na mimi ulimi wangu uliniponyoka. Nikasema, "Baba, upepo." Akatazama juu tena. Akauliza, "Upepo wa huku una nguvu hivyo?" Nikasema una nguvu sana. Akaanza kuelekea nyuma ya jiko kunawa mikono, na mama yangu, mwanamke mwenye miaka sabini na moja, alipoona hivyo alimtangulia akaikalia ile kofia, kuku akiwa ndani, akaitandazia kanga yake, akamsalimia mkwe mwenzake akiwa amekaa, utovu wa adabu ambao hajaufanya maishani mwake, na kuku akilia chini yake mama anakohoa ili kumzidi sauti. Vifaranga saba walitotolewa salama.

Nilidhani yamekwisha. Mwezi wa tisa mzee Cleopa akaleta kofia ya pili. Nzito zaidi, wavu mnene zaidi, mbasa mkubwa zaidi, na safari hii ina bangili ya chuma ya kukumbatia dohani na nati nne, akapanda mwenyewe kwa ngazi ileile, akazikaza mpaka spana ikapinda. Akashuka akajifuta jasho akasema, "Sasa huo upepo wako ujaribu."

Miezi ya joto tulipona kwa sababu hatukuota moto. Lakini mwaka huu Juni tulipoanza kuwasha, na kuni zetu ni mabanzi ya mpaini tuliyoyachukua kiwandani yakiwa mabichi na matawi ya mkaratusi tuliyokata juzijuzi, nyumba ikawa giza mchana, ukuta ukaanza kutoa maji meusi yanayonata kama lami, na Jumapili ya pili ya Julai, tumetoka misani tumekaa, dohani ikaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima na gia ya kwanza, nikatoka nje nikaona moto unatoka chini ya mbasa. Tulimbeba mama na kiti chake. Jirani mmoja akamwaga ndoo ya maji ndani, ukasikika mlio, na sasa dohani ina ufa kuanzia dari mpaka usawa wa bega langu. Nyumba haikuungua, kwa neema.

Tangu siku hiyo mama amehamia kwenye stoo ya kahawa, analala kati ya magunia, anasema harudi chini ya mfuniko ule, na anasema mwisho wa mwezi huu mzee Cleopa akija kwenye ubatizo wa mtoto wetu wa tatu yeye atamwambia mbele ya wageni wote kwamba ametufunika kama ugali. Na Edina anasema baba yake aliitengeneza kofia ile kwa mapenzi, na amesema hivi, nanukuu: "Ukiishusha kofia ya baba, unishushe na mimi mpaka Lituhi." Mshauri, nimebanwa. Nikiiacha, mama atakufa kwa baridi au sote kwa moto. Nikiitoa, sina mke. Nimefikiria kusema ilipigwa na radi. Nimefikiria wezi wa vyuma chakavu. Nisaidie, kofia ya dohani inachaguliwaje, na baba mkwe anaambiwaje?

Ni mimi, Mwenye Macho Mekundu.

*

Mwenye Macho Mekundu, marahaba. Pole kwa moshi, pole kwa ufa, na mpe pole kubwa mama yako. Nimemaliza kutoa pole, sasa shika sikio lako mwenyewe ulivute kwa niaba yangu.

Jambo la kwanza, na hili ulifanye kabla hujamaliza kusoma: usiwashe moto humo. Hata wa kuchoma hindi moja. Mpaka kofia ishuke, dohani isuguliwe na ufa uzibwe, moto wenu utakuwa jikoni au jua la saa nne. Yale maji meusi yanayonata ni moshi uliokata tamaa. Moshi ukiwa wa moto hupanda mbio ukatoka. Ukikuta njia imezibwa juu unatembea polepole, unapoa, unatoa jasho, na jasho lake linaganda kwenye matofali tabaka juu ya tabaka mpaka linakuwa lami. Siku moja cheche inapanda, lami inashika, na dohani yako inanguruma. Ulichokisikia Jumapili ile ni chakula cha miezi miwili kikiliwa kwa dakika kumi. Na kilichobaki humo ndani kinasubiri Jumapili nyingine.

Tena mwambie huyo jirani wa ndoo kwamba dohani inayowaka haimwagiwi maji. Tofali lenye moto likinyweshwa ghafla linapasuka, na wewe umeona. Mnatoa watu, mnamwagia mchanga au majivu makaa yaliyo chini, mnaziba mdomo wa mahali pa moto kwa gunia lililoloweshwa ili hewa isipande, mnatoka nje mnatazama paa. Kusali mnaruhusiwa.

Jambo la pili ni kuni, na hapa sina huruma. Mabanzi mabichi ya mpaini na mkaratusi wa juzi! Hata dohani ya Baba Mtakatifu ingeziba. Kuni mbichi hazitoi moto, zinatoa mvuke na malalamiko. Pasua mabanzi yako, yapange chini ya upenu mahali upepo unapita, uyaache kuanzia kiangazi hiki mpaka kijacho. Ukigonga mawili yakalia ko, ko, kama vijiti vya ngoma, yako tayari. Yakilia pu, hayajawa tayari, na wewe pia bado. Mwaka huu omba kwa ndugu zako matawi makavu ya mikahawa mizee waliyoikata, hayo yanawaka kama deni la ulanzi. (Ottilia anasema mfano huu haueleweki. Wanaume wameuelewa.) Na ile tabia ya kutia gogo bichi wakati wa kwenda kulala ili lifuke mpaka asubuhi, usiniambie hamfanyi, naijua, iacheni. Moto mdogo unaowaka vizuri ni bora kuliko moto mkubwa unaonuna.

Sasa tuje kwa baba mkwe wako. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya kwanza kwa sababu ya mama na kuku, mara mbili kwa sababu ya kofia. Na nakwambia hivi: mzee yule hakukosea ufundi. Alikosea samaki.

Fikiri. Mtu amezaliwa Lituhi, kwenye joto, hajawahi kuhitaji moto wa kuota hata siku moja. Moshi anaoujua yeye ni moshi wa kukaushia samaki. Na jiko la samaki zuri ni lipi? Ni lile ambalo mfuniko wake umekaa vizuri, moshi hautoki, unazunguka ndani, samaki anakauka anakuwa rangi ya dhahabu. Maisha yake yote watu wamemsifu kwa mifuniko isiyopitisha moshi. Ukampelekea dohani, akakutengenezea kitu bora kabisa anachokijua. Kwa misimu miwili, wewe na mama yako mmekaushwa na fundi bora wa mwambao wote. Kama mngekuwa mbasa mngeuzika.

Na usidhani namcheka. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana na kiburi, niliwahi kuifunika dohani ya nyumba ya padri mmoja kwa mfuniko wa sufuria kubwa la shule, nikauzungushia waya wa chujio, nikashuka nikipiga mluzi. Ilikuwa asubuhi ya Pasaka. Padri alitoka kwenda kuadhimisha ufufuko akiwa na kanzu ya msiba. Hakunitukana, alinipa brashi. Ndipo nilipojifunza haya ninayokuandikia, nikiwa nimeingiza kichwa na mkono ndani ya dohani, miguu juu.

Kofia ya dohani si mfuniko. Ni mwavuli. Mwavuli unakukinga mvua lakini haukubani pua. Kwa hiyo unaangalia miguu kwanza. Kati ya mdomo wa dohani na bati la juu iwe inchi sita kwa dohani kama ya baba yako, ambayo naijua kwamba ni ya inchi tisa kwa tisa, maana enzi zile tulijenga zote hivyo. Ukiweka vidole viwili moshi unagonga kichwa na kurudi. Ukiweka futi nzima, mvua ya upande inaingia. Bati lizidi mdomo wa dohani kwa vidole vinne kila upande, ili tone likianguka lianguke nje. Wavu uwepo, maana bila wavu utapata viota vya ndege, na cheche zitaruka hadi kwenye nyasi za jirani. Lakini tundu lake lipitishe kidole gumba. Wavu wa usipa unashika masizi kama unavyoshika usipa, ndani ya mwezi umeziba na hujui. Panda uangalie wavu wako wa sasa, utaona ni ukuta.

Bati jembamba la kuezekea halifai, moshi unalila, misimu miwili umebaki na kutu. Chuma kisichoshika kutu ndicho kizuri, kile cha masufuria yanayong'aa, na kama hakipatikani basi bati nene la pipa, na ujue utalibadilisha. Nati nne za kukaza mpaka spana ipinde, hapana. Kofia lazima ishuke kirahisi, kwa pini mbili za kuchomoa, kwa sababu dohani inasuguliwa kila mwaka kabla ya baridi, na katikati tena ukiona masizi yamefikia unene wa shilingi mia ya sarafu. Na usinunue ile ya kuzunguka kama boga inayouzwa mjini. Inapendeza wiki ya kwanza, halafu masizi yanashika shingo yake inasimama, unabaki na boga.

Mbasa abaki. Mtie tone la mafuta shingoni aendelee kuzunguka. Samaki hajazuia moshi wa mtu.

Haya, sasa uongo wako. Kijana, uliulizwa swali moja na mzee wa watu, na jibu la kweli lilikuwa fupi kama la uongo. Ungesema, "Baba, moshi," badala ya, "Baba, upepo." Herufi tano kwa tano. Kwa sababu ulisema upepo, mzee alikwenda kupigana na upepo. Kila nati aliyoikaza aliikaza kwa ajili ya maneno yako. Kofia ya kwanza ilikuwa kosa lake, ya pili ni yako, na mama yako mwenye miaka sabini na moja ameatamia mayai kwa ajili yenu wote wawili. Sasa unataka kumwambia radi. Ukimwambia radi atakuletea kofia yenye waya wa kuzamisha radi ardhini, na utakuwa umestahili.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, Edina. Mwambie kofia ya baba yake haishuki kwenda kutupwa. Inashuka kwenda kuongezewa miguu, na ikirudi, mbasa atakuwa juu zaidi kuliko alivyokuwa, ataonekana na wa barabarani na wa kilima cha pili. Mke anayemtetea baba yake ni mke mzuri, usimgombeze, mpe ngazi ashike chini wakati wewe unafungua nati. Atakayoyaona ndani ya wavu ule yatasema yaliyobaki.

Pili, wewe husemi na mkwe. Kwetu mambo haya yana mtu wake. Yuko wapi mshenga aliyekuposea? Ushenga hauishi siku ya harusi, ule ubwabwa alioula bado anaulipia. Mwite, mpe habari yote bila kuficha kuku, mshuke naye Lituhi wiki hii, kabla ya ubatizo. Mbebe kofia zote mbili. Mbebe na bonge la lami ulilolibandua kwenye wavu, limefungwa kwenye gazeti, hata hili hili, sina kinyongo. Na wale vifaranga saba waliozaliwa chini ya kofia ya kwanza, sasa ni majogoo na mitetea. Chagua jogoo mmoja mzuri uende naye. Hiyo ndiyo faini yako.

Wewe utaamkia, utakaa, utanyamaza. Mshenga ataweka bonge la lami mezani na atasema: "Baba, mwanao alidanganya kuhusu upepo na amekuja na jogoo. Kazi yako inashika moshi kuliko jiko lolote la ziwani, na samaki waliomo ndani ni mkwe mwenzako na wajukuu zako. Tunaomba uiongezee miguu." Halafu mshenga naye anyamaze. Fundi akishashika lami ile mkononi hahitaji mahubiri. Atauliza, inchi ngapi? Hapo ndipo wewe unaruhusiwa kufungua mdomo. Sema sita.

Kama atanuna, atanuna siku mbili. Mimi nawajua mafundi, wananuna mpaka wapate mkasi wa bati. Na atakuja kwenye ubatizo akiwa na kofia ya tatu begani, ataipandisha mwenyewe, na mama yako atakuwa amekaa kwenye kiti chake mahali pake, mbele ya moto wa kuni kavu, na hatakuwa na la kumwambia mkwe mwenzake mbele ya wageni ila karibu chai. Nendeni mkamwambie mama leo kwamba kuna mpango, ili maneno yake ya ugali ayaweke akiba.

Nimemaliza yako. Sasa tuzungumze yangu.

Kuna mzee katika barua yako, jirani, ambaye unasema mdomo wake hauna mlango. Mzee huyo Juni mwaka jana aliazimisha ngazi ya mbao, vipago kumi na viwili, cha nne kimefungwa waya. Aliambiwa ni ya maparachichi. Alisubiri debe. Alimaliza msimu mzima akiwaambia watu kwamba ataletewa maparachichi, mpaka sokoni wakamwita Baba Parachichi, na kumbe ngazi yake inakaza nati za dhambi. Mzee huyo ana dohani. Dohani yake haijasuguliwa tangu ngazi iondoke, na mke wake Kunigunda, mwanamke mpole kwa siku nyingine zote, leo asubuhi amekunywa uji nje na kumwita kwa jina lake la ubatizo.

Ndiyo, ni mimi. Ottilia ameshika kichwa, anasema nikiandika hivi siri ya Mzee Masizi imekwisha Mbinga nzima. Imekwisha basi. Ulisema mdomo hauna mlango. Nisingependa uonekane mwongo mara mbili.

Ukishaishusha kofia ya baba mkwe wako, iegeshe ngazi yangu kwenye ukuta wa nyuma kabla ya Jumamosi, hodi si lazima, Kunigunda ataisikia. Debe la maparachichi nakusamehe. Lakini kwa kuwa utakuwa umeshafika, na ngazi itakuwa imeshaegemea, na magoti yangu hayapandi tena kama zamani, ingia mlango wa jikoni, brashi ya padri iko pale nyuma yake.